Liwale: Pori Lililokuwa Vijiji

Ukitembea katika pori la kusini mwa Tanzania, mbali na kijiji chochote, ukakuta miembe mitatu au minne imesimama karibu karibu, simama kidogo. Mwembe si mti wa asili wa huku. Ulikuja kwa njia ya bahari na ukapandwa na watu. Ni kweli tembo hula embe na kokwa ikasafiri naye, lakini tembo hapandi kwa mstari. Pekua majani chini ya miembe hiyo, huenda ukaona kigae cha chungu, au jiwe lililolika katikati kwa kusagia nafaka. Hapo palikuwa na nyumba, na jiko, na mtu aliyekaa kivulini akimenya muhogo.

Kiswahili kina neno la mahali kama hapo: hame, na wingi wake mahame. Limetoka kwenye kuhama. Gofu ni jengo lililobaki; hame ni pale walipokuwa wakiishi watu kabla hawajaondoka, hata kama hakuna ukuta uliosalia. Vipeperushi vya utalii na filamu za wanyama havina neno hili. Vyenyewe husifu nyika ambayo binadamu hajaigusa. Kwa wilaya ya Liwale neno la kweli ni hame, na nitaeleza kwa nini. Si ubishi wa maneno tu. Mkulima wa leo hulipwa, au hunyimwa, kulingana na nani anaaminika kuwa mwenyeji wa pori lile, yeye au mnyama.

Liwale imo katika Mkoa wa Lindi. Ukubwa wake unazidi kilomita za mraba 30,000, maana yake ni kubwa kuliko nchi nzima ya Rwanda. Sensa ya 2012 iliwahesabu watu 91,000 na kidogo; ya 2022 ikakuta takriban 136,000. Rwanda, kwenye eneo dogo zaidi, ina watu zaidi ya milioni 13. Karibu theluthi mbili ya wilaya imo ndani ya maeneo ya hifadhi: sehemu ni Pori la Akiba la Selous, na tangu 2019 sehemu nyingine imo katika Hifadhi ya Taifa ya Nyerere iliyomegwa kutoka humo. Watu wamebanana upande wa mashariki. Magharibi ni wanyama, misitu na askari wa wanyamapori.

Muulize mtu kwa nini, atakujibu haraka: udongo mchanga, maji ya shida, mbung'o. Majibu hayo yana ukweli ndani yake. Kasoro yake ni mpangilio, maana yanataja kilichokuja baadaye kana kwamba ndicho kilichotangulia.

Tuanze basi na kilichotangulia. Liwale ni nchi ya Wangindo. Njia ya misafara kutoka Kilwa kwenda Ziwa Nyasa ilipita pande hizi, ikibeba pembe za ndovu na watumwa, na baadaye mpira wa porini. Katika karne ya 19 Wangoni waliokuwa wametoka kusini walifika mara kwa mara kuteka watu na chakula. Wangindo wakaishi kwa kutawanyika: nyumba hapa, nyingine ng'ambo ya bonde, shamba likichoka watu wanafyeka jingine. Maofisa wa kikoloni, Wajerumani na Waingereza vilevile, waliuona mtindo huu kama ushenzi wa watu wasiopenda wenzao. Jirani nao hawakukosa mzaha juu ya Mngindo na pori lake. Lakini mtu anayechuma mpira, anayerina asali na kulima kwa kuhamahama anahitaji nafasi. Tena mvamizi akifika mahali penye nyumba moja anaondoka na watu watano. Akifika penye nyumba mia, anaondoka na kijiji.

Mtindo huo ulifanya kazi nyingine ambayo haikuandikwa popote. Mashamba yaliyotapakaa, moto wa kila kiangazi, mitego na nyavu za wawindaji vilisukuma kichaka nyuma. Nguruwe, nyani na tembo walikuwapo, ila walikaa kwa tahadhari. Mtu na mnyama waligawana nchi kwa ugomvi wa kila siku usioisha, na katika ugomvi huo mtu alikuwa anapata sare.

Wajerumani walipokuja waliikoroga sare hiyo kwa namna kadhaa. Kodi ya kibanda ilikuwa rupia 3, na kwa mtu wa bara ambaye rupia huziona kwa nadra huo ulikuwa mzigo mzito. Tangu 1902 katika wilaya za pwani walianzisha mashamba ya pamba ya pamoja, ambako kila mtu mzima alitakiwa kufanya kazi siku 28 kwa mwaka. Malipo ya mwaka wa kwanza katika wilaya ya Dar es Salaam yalikuwa senti 35 kwa mfanyakazi, na wako waliokataa hata kuzipokea. Hayo ndiyo tuliyofundishwa shuleni, na ni sahihi. Jambo lisilofundishwa sana ni sheria za uwindaji. Serikali ya Kijerumani ilianza kutenga maeneo ya wanyama tangu 1896, moja la mwanzo likiwa pande za Rufiji, kisha ikabana zaidi na zaidi nani aruhusiwe kuwinda na kwa silaha gani. Mwindaji wa tembo, mtu mwenye heshima na mali katika Umatumbi na Ungindo, akageuka mhalifu bila kuhama hata hatua moja. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri ameandika kwa kirefu kwamba bila kuitazama hasira ya wawindaji hatuwezi kuelewa kwa nini vita vya Majimaji viliwaka hasa pale vilipowaka.

Hapa pana jambo ambalo mimi binafsi naliona kuwa ufunguo, nalo wengi hulipita. Tunajua dawa ya mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe iliaminiwa kugeuza risasi kuwa maji. Lakini uvumi wa mwanzo kabisa uliowafikia maofisa wa Kijerumani, kabla ya vita, haukutaja risasi. Taarifa zao wenyewe zilisema watu wanamiminika kwa mganga kutafuta maji ya kuponya maradhi, ya kupata mavuno mema, na ya kulinda mashamba yasiharibiwe na nguruwe mwitu. Yawezekana huo ulikuwa uongo wa kuwafumba macho wakubwa. Hata kama ni uongo, mwongo mwerevu huchagua jambo linaloaminika. Kila aliyesikia kwamba watu wanasafiri siku nyingi kutafuta dawa ya nguruwe hakushangaa.

Mwishoni mwa Julai 1905 pamba ikang'olewa Nandete, katika milima ya Umatumbi. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile alinyongwa Mohoro. Kumnyonga hakukusaidia, kwani wajumbe wake, walioitwa mahongo, walikuwa wameshatawanyika na maji yao. Ungindo iliwaka ndani ya siku chache. Tarehe 14 Agosti Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini aliyekuwa safarini kutoka Kilwa kwenda Peramiho, aliuawa Mikukuyumbu pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Katikati ya mwezi huohuo boma la Liwale likachomwa moto. Wangindo wa Liwale waliongozwa na Abdallah Mapanda. Kwa majuma machache hapakuwa na Mjerumani aliyetawala chochote kati ya Kilwa na Mahenge.

Yaliyofuata ndiyo yaliyoiumba wilaya tunayoiona. Gavana von Götzen alipopata askari wa ziada, majeshi yake hayakutegemea sana mapambano ya ana kwa ana. Mpiganaji wa Kingindo alikuwa haonekani. Aliingia kichakani na kutokea nyuma yako. Kapteni Wangenheim aliyekuwa akipigana upande wa kusini alilieleza bila kupepesa: njaa peke yake ndiyo itakayowashinda watu hawa, kazi ya silaha ni ndogo. Basi vikosi vikachoma maghala, vikafyeka mihogo, vikabeba mtama, vikazuia watu wasipande mvua ziliponyesha. Vita vilizimika 1907. Serikali ya Kijerumani ilikadiria waliokufa kuwa 75,000. Mwanahistoria G.C.K. Gwassa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye katika miaka ya 1960 aliwahoji wazee walioviona vita, alifika kati ya 250,000 na 300,000. Wengi wao hawakufa kwa risasi.

Sasa tukae hapa kwenye njaa, maana ndipo mashine yote ilipo.

Mtu anapokufa njaa, shamba lake haliendi naye. Linabaki, na msimu mmoja tu usiopaliliwa huota majani kufikia kiuno. Misimu mitatu, vichaka. Miaka kumi, ni msitu mchanga mzito kuliko ule wa mwanzo, kwa sababu hakuna aliyeuchoma kwa wakati wake. Kichaka hicho ni nyumba ya nguruwe. Nguruwe wakikaribia, yule mjane aliyebaki na watoto wawili hawezi kulilinda shamba lake peke yake. Zamani alikuwa na shemeji upande huu na mjomba upande ule, na ngoma ikipigwa upande mmoja ilisikika upande wa pili. Anahama kwenda kwa ndugu. Shamba lake nalo linaingia katika kichaka, na jirani aliyefuata sasa ndiye yuko mpakani. Naye anahama. Hivyo nchi inaliwa kutoka pembeni kwenda katikati, kaya moja baada ya nyingine, na haihitajiki tena bunduki hata moja.

Baada ya nguruwe hufuata wanyama wakubwa, na baada ya wanyama wakubwa hufuata mbung'o, anayetaka kivuli cha vichaka na damu ya kufyonza. Mtafiti Helge Kjekshus alieleza mnyororo huu kwa Tanganyika nzima katika kitabu chake cha 1977, na mwanahistoria John Iliffe naye aliuona ushindi wa pori dhidi ya mkulima kuwa mojawapo ya matokeo makubwa ya Majimaji kusini. Watafiti wamebishana kuhusu undani wake tangu hapo, kwa mfano kama hali ya zamani ilikuwa nzuri kiasi hicho. Ila mkondo wa mambo Liwale haukanushiki. Vita vilivyotanguliwa na uvumi wa dawa ya nguruwe viliishia kwa nguruwe kurithi mashamba.

Nafungua mabano kidogo. Baada ya Majimaji Uislamu ulienea kwa kasi kusini-mashariki, na leo Liwale ni wilaya yenye Waislamu wengi mno. Maana yake nguruwe anayeuawa shambani hana faida jikoni. Ni hasara tupu, akiwa hai na akiwa amekufa.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipita juu ya kidonda kibichi. Kamanda wa Kijerumani von Lettow-Vorbeck alirudi nyuma kupitia Rufiji na Lindi mwaka 1917, akifuatwa na majeshi ya Waingereza na Wabelgiji, na kila upande ulichukua wapagazi na chakula cha wenyeji. Frederick Selous, mwindaji mashuhuri wa Kiingereza aliyekuwa kapteni katika vita hivyo, alipigwa risasi Beho Beho tarehe 4 Januari 1917. Mwaka 1922 Waingereza wakaunganisha mapori waliyoyarithi na kuyapa jina lake. Kuna kitu cha kusikitisha na kuchekesha kwa pamoja hapa: eneo lililo tupu kwa sababu ya vita viwili likaitwa kwa jina la mwanajeshi aliyekufa katika cha pili, na jina la walioishi humo halikuulizwa.

Hata hivyo mwaka 1922 magharibi ya Liwale ilikuwa bado na watu. Waliosalimika walikuwa wamerudi, wachache, kwa mtindo uleule wa kutawanyika. Kuwaondoa kulihitaji uamuzi, na uamuzi ulikuja miaka ya 1940.

Sababu iliyotajwa ni malale. Ugonjwa ulikuwapo, na unaua, haufai kupuuzwa. Lakini ofisini kulikuwa na sababu nyingine zilizokaa meza moja na malale. Watawala walichoka kukusanya kodi kwa watu waliotapakaa porini. Idara ya wanyamapori ilichoka kuua tembo waliokula mashamba ya watu hao. Mtu aliyesimamia idara hiyo upande huu alikuwa C.J.P. Ionides, ambaye wenyeji walimwita Bwana Nyoka kwa kupenda kwake kukamata nyoka kwa mikono. Ionides alitaka mstari: watu mashariki, tembo magharibi. Mwanajiografia Roderick Neumann, aliyezipitia nyaraka za kipindi hicho, ameonyesha jinsi hoja ya afya, hoja ya utawala na hoja ya wanyama zilivyosaidiana mpaka ikawa vigumu kujua ipi ilikuwa ya kweli na ipi ilikuwa koti. Makumi ya maelfu ya watu wakahamishwa na kupangwa katika makazi ya pamoja, na mipaka ya Selous ikasogezwa kufunika walikotoka. Ionides alifariki 1968 na akazikwa ndani ya hifadhi aliyoikuza. Waliohamishwa hawakuruhusiwa kurudi hata kuzuru makaburi ya wazazi wao.

Ndipo linapokuja lile neno "nyika isiyoguswa". Wageni walioandika juu ya Selous miaka ya baadaye walikuta uwanda wenye tembo wengi, hakuna moshi wa jiko, hakuna njia ya miguu, wakadhani wanautazama ulimwengu kabla ya binadamu. Walichokiona kilikuwa na umri wa miaka 30 hivi. Mwaka 1982 Selous iliwekwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia wa UNESCO kama urithi wa asili. Sina ugomvi na heshima hiyo. Ila nashangaa kwamba pori lililotengenezwa kwa njaa ya makusudi na amri za serikali liliingia katika orodha bila historia yake.

Uhuru nao haukuurudisha mpaka huo nyuma. Operesheni za vijiji vya Ujamaa katikati ya miaka ya 1970 ziliwakusanya tena waliokuwa wamekusanywa mara ya kwanza, kando ya barabara, na mashamba yaliyoachwa yakawa mahame mapya juu ya yale ya zamani. Mzee wa Liwale aliyezaliwa miaka ya 1930 aliweza kuhamishwa na Mwingereza akiwa mtoto, kisha na serikali yake mwenyewe akiwa baba wa watoto. Mara zote mbili aliambiwa ni kwa faida yake.

Kisha hata tembo, walioachiwa nchi, hawakupata amani. Katikati ya miaka ya 1970 walihesabiwa zaidi ya 100,000. Ujangili ukawafyeka, wakaongezeka tena baada ya biashara ya pembe kupigwa marufuku kimataifa 1989, wakafyekwa upya. Hesabu ya 2013 katika ikolojia ya Selous na Mikumi ilikuta takriban 13,000, na mwaka uliofuata UNESCO ikaiweka Selous katika orodha ya urithi ulio hatarini. Oktoba 2013 serikali ilikuwa imeendesha Operesheni Tokomeza, ambayo ilisimamishwa baada ya malalamiko ya raia kuteswa, na mawaziri wanne wakapoteza nyadhifa zao Desemba hiyo. Pori lililoundwa kwa vita lilikuwa limeendelea kulindwa kwa mtindo wa vita.

Lakini tusikae sana na tembo wa takwimu. Tumtazame tembo wa saa nane usiku.

Vijiji kama Barikiwa, Kikulyungu, Mpigamiti na Lilombe viko kwenye ukingo. Mahindi na mpunga vikianza kukomaa, familia huhamia shambani. Hujengwa dungu: nguzo nne za miti, sakafu ya fito, paa la nyasi, ngazi ya kupandia. Juu yake analala kijana au baba, na mara nyingi mama na watoto pia, kwa miezi miwili au zaidi. Silaha zao ni debe bovu, tochi, vijinga vya moto na sauti. Wengine huzungushia shamba kamba iliyopakwa oili chafu na pilipili ya kusaga. Tembo, mwenye pua nyepesi, hukereka na kugeuka, mpaka mvua ioshe pilipili. Nguruwe hajali pilipili. Anakuja chini, kimya, na kinachomtambulisha ni sauti ya bua linalovunjika: kach. Ukisikia moja, umeamka kwa wakati. Ukisikia kumi, hesabu debe la mahindi limeshakwenda. Mtoto aliyelala dunguni usiku, asubuhi anasinzia darasani, kama amefika darasani. Hii ni gharama ya uhifadhi ambayo haina safu yake katika bajeti ya wizara yoyote.

Ipo sheria ya kumfikiria mkulima huyu. Kanuni za 2011 ziliweka malipo ya mazao yaliyoharibiwa na wanyama wakali, yanayojulikana kama kifuta jasho, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au familia iliyofiwa. Tazama majina hayo. Hakuna neno fidia, kwa sababu fidia hulipwa na mwenye kosa, na serikali haikubali kuwa na kosa kwa tembo kufuata njia yake. Kanuni hizo zilipanga malipo kwa umbali: shamba lililo chini ya nusu kilomita kutoka mpaka wa hifadhi halipati kitu, na kadiri lilivyo mbali ndivyo kiasi kinavyoongezeka, kwa ekari zisizozidi tano. Mantiki yake ni kwamba aliyelima karibu na mpaka amejitakia. Kwa sehemu nyingine za nchi mantiki hiyo ina uzito. Kwa Liwale inapinduka chini juu, kwa kuwa hakuna aliyemfuata tembo mpakani. Mpaka ndio uliosogea mashariki mpaka ukamkuta mkulima kwao. Migogoro ya mpaka kati ya wanakijiji na hifadhi, ule wa Kikulyungu ukiwa miongoni mwa iliyodumu miaka mingi, haiwezi kueleweka kwa ramani ya leo peke yake.

Fedha ya Liwale leo ni korosho na ufuta. Mkulima hupeleka magunia chama cha msingi, mzigo unaingia ghalani, mnada unaitishwa na chama kikuu cha RUNALI, kinachohudumia Ruangwa, Nachingwea na Liwale, kisha mkulima anasubiri. Aprili 2013 kusubiri kulizaa moto: malipo ya pili ya korosho yalitoka pungufu kuliko yaliyotarajiwa, na mjini Liwale nyumba za viongozi zikachomwa. Sitaki kusema 1905 ilijirudia. Hakukuwa na hongo wala maji, na kuchoma nyumba ya mtu si jambo la kusifu. Nasema tu kwamba zao la biashara analolima mtu na bei asiyoipanga ni hadithi yenye mizizi mirefu katika wilaya hii kuliko katika nyingi, na msimamizi wa ushirika anayefika Liwale bila kuijua atashangazwa na hasira atakayoikuta.

Pori halikuleta hasara tupu. Msitu wa Angai, karibu hekta 140,000, uko nje ya hifadhi ya wanyama na unamilikiwa na vijiji vyenyewe chini ya sheria ya usimamizi shirikishi wa misitu. Kazi ya kuupata ilianza miaka ya 1990 na vijiji 13, kwa msaada wa Wafini, na ilichukua miaka mingi ya vikao, ramani na mihuri kabla kijiji hakijavuna gogo la kwanza kihalali. Mpingo na mninga wa huko ni mali. Sehemu nyingine ya vijiji imejiunga katika jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori ya MAGINGO. Faida yake bado ni ndogo kuliko ahadi, lakini hapa mwanakijiji ana karatasi inayomtaja kuwa mwenye msitu. Babu yake hakuwahi kuwa nayo.

Barabara nitaipita haraka kwa sababu kila aliyekwenda Liwale anaijua: kutoka Nangurukuru au kutoka Nachingwea, masika inapokaza gari hukwama na bei ya sabuni hupanda. Wilaya yenye watu wasiofika watano kwa kilomita ya mraba huwa ya mwisho kwenye foleni ya lami. Uchache wa watu, uliotokana na vita na amri, umekuwa sababu ya kukosa barabara, na kukosa barabara kunaendeleza uchache wa watu.

Songea ina Makumbusho ya Majimaji, na kila Februari 27 hukumbuka walionyongwa 1906. Uwanja wake wa mpira unaitwa Majimaji. Nandete ina mnara. Liwale, ambako vita viliacha alama kubwa kuliko mnara wowote, alama yenyewe imeandikwa jina lingine: hifadhi ya asili. Sidai hifadhi ifungwe. Wanyama wale ni hazina ya nchi, na aliyezaliwa Liwale leo anajua hilo kuliko mtalii. Ninachodai ni kidogo na gharama yake si kubwa: kwenye lango la hifadhi pawekwe ubao wenye majina ya vijiji vilivyohamishwa, na kanuni ya nusu kilomita iangaliwe upya kwa vijiji ambavyo mpaka ndio ulivifuata.

Majina hayo bado yapo, ila si kwa muda mrefu. Aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1945 sasa amefikisha tisini. Kama nyumbani kwenu kuna mzee mwenye asili ya Liwale, muulize wiki hii: kwenu kwa zamani, huko porini, paliitwaje? Andika jina, andika mto uliokuwa karibu, andika nani amezikwa huko, kisha peleka nakala ofisi ya kijiji.